Nyumba ya Harar na baraza zake tano

Mgeni akifika Harar huonyeshwa kwanza ukuta, kisha milango, na usiku ukiingia hupelekwa kuwatazama fisi wakilishwa. Si vibaya. Lakini anayetaka kuujua mji huu kweli aombe kuingizwa katika nyumba moja ya kale, avue viatu, akae pale atakapoelekezwa, kisha atazame alichokalia na kilicho ukutani. Mengi ambayo Waharari wameyalinda kwa karne kadhaa yamo katika chumba kile kimoja, na yamedumu kwa kuwa kila mwaka kuna mtu anayepanda darini kushindilia udongo na mwingine anayechovya brashi katika chokaa.

Harar iko mashariki mwa Ethiopia, kwenye nyanda za juu, mita 1,885 kutoka usawa wa bahari, kiasi cha kilomita 500 kutoka Addis Ababa. Mji wa kale, unaoitwa Jugol, ni hekta 48 tu. Humo ndani mna misikiti 82 na maziara 102 ya mawalii, na ndiyo sababu mji ukaitwa Mji wa Mawalii. Mwaka 1520 ulikuwa makao makuu ya usultani wa Adal. Imam Ahmad ibn Ibrahim al-Ghazi, ambaye Wakristo wa Ethiopia humwita Gragn, aliupiga vita ufalme wao akitokea hapa hadi alipouawa mwaka 1543. Mpwa wake, Amiri Nur ibn Mujahid, alimwoa mjane wake, Bati Del Wambara, na ndiye aliyeuzungushia mji ukuta. Ukuta huo una milango mitano ya kale: Asma'addin, Badro, Suktat, Argob na Assum. Mlango wa sita, unaopitisha magari, ni wa karne ya 20.

Kuanzia 1647 Harar ilijitawala yenyewe chini ya maamiri wake, ikipiga sarafu zake na kusoma kwa madhehebu ya Shafi, yaleyale ya Waislamu wengi wa pwani yetu. Wamisri waliishika kuanzia 1875 hadi 1885. Januari 1887 Amiri Abdullahi alishindwa vitani Chelenqo na jeshi la Menelik, mfalme wa Shewa aliyekuja kuwa mfalme mkuu wa Ethiopia, mji ukatiwa ndani ya Ethiopia. Kisha likaja pigo lililogeuka kinga. Reli iliyotoka Djibouti haikupandishwa kwenye miinuko ya Harar. Ilipitishwa tambarare, na mwaka 1902 mji mpya wa Dire Dawa ukaanzishwa kando yake. Wafanyabiashara wakubwa wakahamia huko. Mji uliokimbiwa na fedha haubomolewi ili kujengwa maghala, na naamini hiyo ni sababu mojawapo kubwa ya Jugol kusimama hadi UNESCO ilipouingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2006.

Nyumba za Jugol ni za aina tatu. Kuna nyumba ya Kiharari yenyewe, gey gar. Kuna nyumba ya Kihindi, ya ghorofa na roshani za mbao, iliyoletwa na wafanyabiashara wa Kihindi baada ya 1887. Na kuna mchanganyiko wa hizo mbili. Jumba linaloonyeshwa watalii kuwa la Rimbaud, mshairi Mfaransa aliyefanya biashara hapa kwa vipindi kati ya 1880 na 1891, ni la Kihindi. Ni jumba zuri, ila halikufundishi jinsi Mharari anavyoishi.

Gey gar haionekani kutoka kichochoroni. Unaona ukuta mtupu uliopakwa chokaa, au rangi ya kijani, buluu au waridi, na mlango. Ukiupita unaingia uani, na ua huo mara nyingi ni wa familia kadhaa. Jiko liko kando uani, moshi usiingie nyumbani. Juu ya mlango wa chumba kikuu hupitishwa mti ambao mazulia yaliyokunjwa huwekwa juu yake, na wenyeji watakwambia kuwa mazulia hayo humjulisha mpita njia kwamba ndani yuko binti aliyefikia kuolewa.

Chumba kikuu hakina kiti. Kina baraza tano, nadaba kwa Kiharari, zilizojengwa kwa mawe na udongo zikashikana na kuta, kila moja kwa kimo chake. Mswahili wa Lamu au Unguja hujenga baraza nje ya mlango, akae akiangalia njia. Mharari ameiingiza ndani na kuipanga kwa daraja. Kubwa kuliko zote, gidir nadaba, inakukabili ukiingia, na hiyo ni ya wageni na ya watu wa nyumbani wakikusanyika. Pembeni, mahali ambapo aliyeketi anauona mlango na ua wote bila kugeuza shingo, ipo amir nadaba, ya mwenye nyumba. Nyuma yake palikuwa mahali pa kusimamishia mikuki. Ndani zaidi, pembeni pasipoonekana kutoka mlangoni, ipo sutri nadaba. Ipo ndogo, tit nadaba, na ya tano, gebti eher nadaba, iko nyuma ya ubao wa mlango. Mtu anapoingia hahitaji kuulizwa cheo chake: anajua umri wake, elimu yake na undugu wake na mwenye nyumba, naye huketi panapomstahili. Mgeni asiyejua asubiri kuonyeshwa. Kosa linalofanywa na wengi ni kwenda moja kwa moja kwenye kona inayoonekana nzuri kwa picha, na mara nyingi kona hiyo ndiyo ya mwenye nyumba.

Baraza na sakafu hupakwa udongo mwekundu. Wenyeji husema wekundu huo ni ukumbusho wa damu iliyomwagika Chelenqo. Katika ukuta mkuu mna vidaka kumi na kimoja, vya kuwekea vitabu, vikombe, mabakuli na vyungu, na anayezijua zidaka za nyumba za Lamu atajiona yuko nyumbani. Kuta nyingine hujaa sinia za nyasi na mabakuli ya kuning'inizwa, chini hadi juu. Kando ya chumba kikuu kuna chumba kidogo, kirtat, ambamo maharusi hukaa faragha kwa wiki nzima, wakipitishiwa chakula na maji bila kuonekana. Juu ya sehemu hiyo pana kidari ambacho zamani kilikuwa ghala ya chakula, na leo katika nyumba nyingi ni mahali pa kulala.

Sasa tuje kwenye kazi, kwa sababu chumba hiki hakijisimamii chenyewe. Kuta ni za mawe mepesi ya asili ya chokaa yaliyounganishwa kwa udongo, pamoja na mbao zilizolazwa ndani ili ukuta usipasuke. Paa la asili ni bapa: boriti, juu yake fito zilizobanana, juu yake udongo ulioshindiliwa. Ukuta wa namna hii hunyonya unyevunyevu kutoka ardhini na kuutoa kupitia uso wake. Ukiuachia utoe, utadumu karne. Ukiuziba, unaanza kuoza kutoka ndani na hutauona ukioza.

Paa hushughulikiwa kabla ya mvua kubwa, zinazoanza kama Julai na kufikia Septemba. Hufagiliwa, majani yaliyoota hung'olewa na mizizi yake, maana mzizi mmoja ukifika kwenye fito ndio utakaopitisha maji. Nyufa hukwanguliwa kwanza, hunyunyiziwa maji, kisha hujazwa udongo mbichi na kushindiliwa. Udongo mbichi ukiwekwa juu ya ufa mkavu hujikunja ukikauka na kuacha ufa uleule. Mteremko uelekee kwenye mfereji unaotoa maji mbali na ukuta. Jambo linaloharibu mapaa mengi ya aina hii ni ukarimu: kila mwaka tabaka jipya linaongezwa bila kuondoa la zamani, uzito unakua, boriti zinapinda katikati, na maji yanatuama palepale palipopinda. Fundi mzuri hupunguza kwanza, ndipo anaongeza.

Chokaa nayo ina subira yake. Mawe huchomwa, huzimwa kwa maji, na rojo lake huachwa ndani ya maji kwa wiki kadhaa. Likiharakishwa, chembe ambazo hazijazimika huendelea kuzimika zikiwa ukutani, zinavimba na kurusha vipande vidogo vya rangi. Siku ya kupaka, rojo huchujwa na kuzimuliwa liwe jepesi mithili ya maziwa, ukuta hulowanishwa, na kupakwa tabaka tatu au nne nyembamba, kila moja ikikauka kabla ya nyingine. Mtu akitaka kumaliza kwa tabaka moja nzito, itabanduka kama magamba. Akipaka jua la saa sita, maji yatakimbia kabla chokaa haijashika na ukuta utaacha unga kwenye kila bega litakaloegemea. Kazi hii hufanywa hasa kabla ya Ramadhani na kuelekea sikukuu, na kichochoro kizima hubadilika sura kwa siku chache.

Anayepita Jugol leo ataona mabati, milango ya chuma, na plasta ya saruji juu ya kuta za mawe. UNESCO yenyewe iliyataja hayo ilipoeleza yanayoupunguzia mji uhalisi wake. Saruji ndiyo mbaya kuliko yote, kwa sababu inaonekana kuwa ni matengenezo. Unyevunyevu unaopanda kutoka ardhini unakuta uso umefungwa, unapanda juu zaidi kutafuta pa kutokea, udongo ulioshika mawe unalainika, na plasta inasimama imara miaka kadhaa huku nyuma yake ukuta ukimomonyoka. Siku inapoanguka huanguka na mawe. Rangi ya mafuta inayotumiwa badala ya udongo mwekundu kwenye baraza hufanya hivyohivyo kwa kiwango kidogo: inavimba, inapasuka, inapakwa tena. Bati lina kasoro tofauti. Maji yake hudondoka kwa nguvu kwenye kichochoro chembamba na kurukia chini ya ukuta wa jirani, na usiku wa baridi wa nyanda za juu hulifanya litoe jasho upande wa ndani.

Hata hivyo si haki kumlaumu mwenye nyumba tu. Paa la udongo linataka mtu kila mwaka, bati halitaki. Na watu wenyewe walitawanyika. Mwaka 1948, baada ya kukandamizwa kwa Kulub, vuguvugu la kisiasa lililotaka Harar ijitenge na Ethiopia, Waharari wengi walihama mji. Mwaka 1975 Derg, serikali ya kijeshi ya Ethiopia, ilitaifisha ardhi ya mijini na nyumba za ziada. Nyumba zilizokuwa za ukoo zikawa za kupangishwa kwa kodi ndogo, na mpangaji asiye na hakika ya mwaka ujao hawezi kuzima chokaa kwa wiki kadhaa. Leo kuna jamii kubwa za Waharari Toronto na kwingineko, na nyumba kadhaa za Jugol zimegeuzwa nyumba za wageni. Mimi naona hilo ni afadhali kuliko kufungwa. Nyumba inayolaza wageni hupakwa, na mwenye nyumba hupata sababu ya kumlipa fundi.

Kinachofanya baraza zile tano zisiwe makumbusho ni afocha. Hivi ni vyama vya kusaidiana katika harusi na mazishi, vya wanaume na vya wanawake mbali mbali, na msomaji aliyezoea vikundi vyetu vya kufa na kuzikana hatahitaji maelezo marefu. Mwanachama asiyehudhuria huonekana, kwa sababu nafasi yake kwenye baraza inabaki tupu.

Kinywaji cha baraza ni kahawa, lakini si lazima iwe ya buni. Milima inayozunguka Harar ni maarufu duniani kwa kahawa inayokaushwa juani pamoja na tunda lake, si ile ya kumenywa kwa maji. Buni ni ya kuuzwa, na nyumbani hutumika pia kile ambacho soko halikitaki. Majani ya mbuni hukaushwa, hukaangwa kwenye chuma bapa hadi yageuke rangi na kutoa harufu, hufikichwa, kisha huchemshwa polepole na kutiwa chumvi kidogo au sukari. Hicho ndicho kuti. Moto ukiwa mkali majani huungua kingo kabla ya kati kukauka, na kinywaji huwa kichungu cha moshi. Maganda makavu ya tunda nayo huchemshwa, mara nyingine kwa maziwa. Mtu akikukaribisha kuti usidhani ni kwa kukosa kahawa.

Katika mwaka wa Harar siku mbili ni kubwa kwa namna isiyoonekana pengine popote. Ya kwanza ni Ashura, tarehe 10 Muharram, ambapo fisi hupewa uji wenye siagi. Fisi kuingia mjini si jambo la maonyesho ya watalii tu, maana chini ya ukuta kuna matundu ya kale yanayoitwa waraba nudul, wanayopitia usiku kula mabaki. Siku ya Ashura watu hutazama wanavyokula: wakila zaidi ya nusu, mwaka utakuwa mwema; wakikataa, au wakimaliza wote, watu hukusanyika ziarani kuomba dua njaa na maradhi yapite mbali. Maonyesho ya kila jioni, mtu akiwalisha nyama kwa kijiti, ni ya karne ya 20, na ni vizuri mgeni ayatenganishe mawili haya.

Ya pili ni Shuwalid. Baada ya Idi, wengi, hasa wanawake, hufunga sita ya mwezi wa Shawwal, na sikukuu hii hufunga pazia la mfungo huo. Watu hukesha kwenye ziara za Aw Akbara na Shulum Ahmed kwa dhikri, ngoma ziitwazo karabu, na kabal, vibao viwili vya mbao vinavyogonganishwa mkononi. Desemba 2023 UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi usioshikika. Nyumba nyingi hulala zimejaa wakati huo kwa jamaa waliorudi kutoka ng'ambo, hivyo anayetaka kulala ndani ya Jugol apange mapema na aihesabu tarehe kwa mwandamo, si kwa kalenda ya ukutani.

Nimeziacha sinia za nyasi mwisho kwa kuwa ndizo watu hununua, na hununua vibaya. Kazi hii ni ya wanawake, na binti aliyeingia kwenye ndoa alitarajiwa kuja na zake. Mtindo ni wa kuzungusha. Mashina magumu ya nyasi ndiyo kiini. Nyasi laini huviringishwa juu yake, na kwa chuma chembamba chenye ncha hutobolewa duru ya ndani ili mshono uipite na kuikamata. Huanzia kwenye fundo katikati na kwenda kwa duara. Nyasi hulowekwa kidogo kwanza: kavu hukatika kwenye kona, na zilizolowa sana husinyaa zikikauka, duru zikaachana. Mpangilio wa rangi haujachorwa popote. Mshonaji huhesabu mishono kichwani, akikosea mmoja mapema, ua lililo ukingoni halitakutana. Ndiyo maana sinia moja nzuri huchukua wiki nyingi, wakati mwingine miezi.

Ukitaka kununua, inua sinia uielekeze kwenye mwanga. Mwanga ukipenya katikati ya duru, nyasi zilishonwa zikiwa zimelowa mno. Bonyeza ukingo: uliobana hurudi mahali pake, uliolegea hubaki umelala. Paka kitambaa chenye unyevu upande wa nyuma uone kama rangi inatoka, kwa sababu rangi za unga za dukani zisizochemshwa vya kutosha zitahamia kwenye ukuta wako mweupe. Angalia pia kama kuna nyuzi za plastiki zilizochanganywa na nyasi. Hazina ubaya kwa matumizi, ila bei isiwe ya nyasi. Kisha uliza aliyeishona ni nani. Kwenye maduka ya Feres Magala, uwanja mkuu wa Jugol, mara nyingi hawajui. Katika nyumba zenyewe, mshonaji huwa ndiye anayekumiminia kahawa, na fedha inamfikia mkononi.